Waridi la jangwa lililooza kwenye mvua za msimu: uchambuzi wa kisa cha Shangani, Mtwara

Tarehe 3 Aprili mmea ulikuwa sebuleni chini ya feni, umebakiwa na majani tisa, yote yameinama. Upande wa shina uliotazama ukuta ulikuwa na doa la upana wa vidole viwili. Kidole gumba kilipobonyeza hapo kilizama kama kwenye embe lililopitiliza kuiva, na ngozi ikateleza. Chungu kilikuwa kizito kiasi kwamba wiki mbili nyuma vijana watatu walikiburuta juu ya gunia kukitoa barazani. Uzito huo peke yake ulikuwa jibu, ila hakuna aliyeuuliza.

Kila aliyepita pale alikuwa na maelezo yaleyale: ua la jangwani na mvua za Mtwara wapi na wapi. Maelezo hayo yana mantiki, na ndiyo yanayowafanya watu wengi wa Mtwara na Lindi kuliingiza waridi la jangwa ndani kila Desemba, likakonda gizani mpaka Mei. Lakini mmea huu ulikuwa umenyeshewa misimu minne mfululizo karibu na geti, bila paa wala turubai, na kila mwaka ulichanua. Kwa hiyo uchambuzi huu hauanzi na mvua. Unaanza na chungu.

Mmea wenyewe

Waridi la jangwa, kwa jina la kitaalamu Adenium obesum, si waridi hata kidogo. Liko kwenye familia ya Apocynaceae, pamoja na oleanda, franjipani na mbungo wetu wa porini, na kama hao wengine hutoa utomvu likikatwa. Mtaalamu wa mimea Peter Forsskål aliukusanya mmea huu Uarabuni, na maelezo yake yakachapishwa mwaka 1775, yeye akiwa amekwisha kufariki. Jina Adenium limetokana na Aden. Kwao ni nchi kavu za kusini mwa Sahara, Afrika Mashariki na Uarabuni, na hapa Tanzania lipo porini. Wahadzabe hupata sumu ya mishale yao kutokana na mimea ya jenasi hii, jambo tutakalolirudia tukifika kwenye kisu.

Sehemu inayowapendeza watu ni lile bonge la chini, shina lililonenepa ambamo mmea huweka akiba ya maji. Bonge la mmea huu lilikuwa na kipenyo cha sentimita 14, mmea mzima una urefu wa sentimita 55, matawi makubwa matatu, umri wa miaka saba hivi. Maua yake mekundu yenye tabaka mbili za petali yalitokana na kubebeshwa: shina la chini ni la mbegu ya kawaida, matawi ya juu ni ya aina iliyochaguliwa. Anayejua miche ya mikorosho na miembe iliyobebeshwa anaelewa maana yake. Chipukizi lolote likitoka chini ya kovu la kubebesha, halitazaa ua lile.

Kuhusu hali ya hewa, kuna jambo moja ambalo maelekezo mengi ya mtandaoni hayalifikirii, kwa kuwa yameandikwa na watu wa nchi za baridi. Kwao mmea hulala miezi minne au mitano, na kuunyima maji wakati huo ni lazima. Mtwara hakuna baridi ya kuulaza. Hata Julai usiku haushuki sana chini ya nyuzi 19 au 20. Mvua zetu, karibu milimita 1,000 kwa mwaka, hushuka kwa wingi kati ya Desemba na Aprili, yaani miezi ileile ya joto ambayo mmea huu unakua kwa nguvu. Mvua inaukuta ukiwa macho na una kiu. Kinachoua ni maji yanayobaki baada ya mvua kukatika.

Kilichofanyika Januari

Chungu cha zamani kilikuwa cha udongo wa kufinyanga, kipenyo sentimita 20, kina sentimita 18, ujazo wa lita tano na nusu hivi. Mizizi ilikuwa imekijaza na kimepata ufa. Tarehe 25 Januari mmea ukahamishiwa kwenye chungu kipya cha saruji, kipenyo sentimita 40 na kina sentimita 35, kilichopakwa rangi ya mafuta nje na ndani. Hicho kinachukua lita 44. Bonge la sentimita 14 liliwekwa kwenye udongo mara nane ya ule liliouzoea.

Hapo ndipo penye kisa chote. Watu huona chungu kikubwa ni ukarimu. Kwa mchicha sawa. Kwa mmea unaokunywa kidogo, udongo usio na mizizi ni sponji isiyo na mnywaji: hulowa leo na bado uko majimaji wiki ijayo. Chungu cha waridi la jangwa kinatosha kikizidi bonge kwa sentimita tatu hadi tano kila upande. Kwa mmea huu, sentimita 20 hadi 24.

Makosa mengine yalilipanda hilo kosa la kwanza mgongoni.

Udongo ulikuwa mweusi, wa bondeni, uliochanganywa na debe zima la samadi ya mbuzi ambayo haikuwa imeiva. Udongo wa aina hiyo hushikana ukilowa na kufukuza hewa. Samadi mbichi nayo inazidisha naitrojeni, na ndiyo sababu Februari mmea ulitoa majani makubwa ya kijani kibichi, mwenye nyumba akafurahi. Majani yale yalikuwa laini, na tishu laini haina ubishi na wadudu wala kuoza.

Chini ya chungu iliwekwa kokoto ya sentimita nane "ili maji yachuje". Imani hii imeenea kila mahali na haina ukweli. Maji hayatoki kwenye udongo wenye chembe ndogo kuingia kwenye matundu makubwa ya kokoto mpaka udongo wa juu yake ushibe kabisa. Kwa hiyo kokoto haiondoi tope, inalipandisha sentimita nane karibu zaidi na mizizi. Tundu la kutolea maji lilikuwa moja tu, la milimita 12, na rangi ya mafuta ilikuwa imeziba nusu yake. Chini yake kulikuwa na sahani.

Mizizi ilipunguzwa kwa panga siku ileile ili ikae vizuri, na mmea ukamwagiliwa papo hapo. Mzizi mnene wa waridi la jangwa uliokatwa ni jeraha lenye unyevu. Unahitaji siku saba hivi za kukauka kabla ya kukutana na udongo, na wiki nyingine kabla ya kukutana na maji. Vimelea wa kuozesha mizizi, hasa Pythium na Phytophthora, huenea kwenye maji. Jeraha bichi ndani ya tope la moto ni mlango uliofunguliwa na taa ikawashwa.

Na mwisho, mahali. Chungu kiliwekwa pembeni ya nguzo ya baraza kwa kuwa kinapendeza hapo, chini kabisa ya ukingo wa paa la bati lisilo na gata. Piga hesabu. Mvua ya milimita 50 ikinyesha moja kwa moja kwenye chungu cha sentimita 40, chungu kinapokea lita sita na ushei. Lakini chini ya bati ambalo maji yake yanatoka umbali wa mita nne mpaka kileleni, upana uleule wa sentimita 40 unamwaga lita 80. Kwa mvua moja. Juu ya hapo mmea ulikuwa ukiongezewa lita mbili jioni kila siku ambayo haikunyesha.

Kiu au kuoza?

Wiki ya pili ya Machi majani ya chini yaligeuka njano, na mchana ncha za matawi zikawa zinalegea. Jirani akasema, "Mpe maji, dada, linakufa kwa kiu." Ushauri huo ulitolewa kwa nia njema, na dalili zilimuunga mkono, kwa sababu mmea wenye mizizi iliyooza unakufa kwa kiu kweli. Umesimama ndani ya maji na hauna cha kuyanywea. Maji yakaongezwa, kisha mmea ukaingizwa ndani, penye kivuli, ambako udongo haukukauka tena.

Bonge laini lina maana mbili zinazopingana, na tiba ya moja ni kifo kwa nyingine. Kabla ya kushika kopo la maji, angalia haya.

Bonge lenye kiu hulegea lote kwa usawa. Ukilibonyeza linarudi kama mpira wa miguu uliopungua upepo, ngozi ina mikunjo midogo, chungu ni chepesi, na kijiti cha mshikaki ukikichomeka hadi chini ya chungu kinatoka kikavu. Ukimwagilia vizuri, ndani ya siku mbili au tatu linakuwa gumu tena.

Bonge linalooza hulegea mahali pamoja. Pembeni ya doa pagumu, katikati panazama na hapanyanyuki. Rangi ya ngozi pale hugeuka kahawia au kijivu chenye unyevu, wakati mwingine majimaji yanachuruzika. Chungu ni kizito, kijiti kinatoka na tope. Majani yanaweza kuanguka yakiwa bado ya kijani. Harufu ni shahidi wa mwisho: inua udongo kidogo karibu na shina na unuse. Udongo wenye hewa unanukia kama shamba baada ya mvua; uliokosa hewa unanuka yai viza.

Ukibaki na shaka, kwaruza ngozi kwa ukucha upana wa punje ya mchele. Chini yake pakiwa kijani na nyama nyeupe, sehemu hiyo ni nzima. Pakiwa kahawia, acha kukisia.

Mmea wa Shangani ulikuwa na dalili zote za upande wa pili, na bado ulikuwa ukipewa maji kila baada ya siku moja.

Kukata

Ukishathibitisha kuoza, usingoje udongo "ukauke kwanza". Kuoza ndani ya bonge hakusimami kwa kuwa udongo umekauka. Mmea ulitolewa siku hiyohiyo. Theluthi ya chini ya chungu ilikuwa tope jeusi, na kati ya mizizi minene mitano, mitatu ilibaki ganda tu, ukiivuta inavuliwa kama soksi. Miwili ilikuwa mizima.

Kabla ya kisu, tahadhari. Utomvu wa mmea huu una kemikali ziitwazo glikosidi, zinazovuruga mapigo ya moyo. Ndizo zinazofanya kazi kwenye mshale. Vaa glavu, usipanguse jasho la usoni kwa mkono, funga kitambaa kwenye kidonda chochote cha mkononi. Kisu kisirudi jikoni. Vipande vizikwe au vitupwe mbali na mbuzi na watoto.

Vifaa vilikuwa kisu chenye makali membamba, spiriti ya asilimia 70, vitambaa safi na unga wa salfa. Mmea ulioshwa kwa maji safi udongo wote ukatoka, ukaachwa upepeni saa moja ili nyama nzima na iliyooza zionekane vizuri. Majani tisa yalikatwa yote. Bila mizizi ya kuyalisha yalikuwa yanamaliza akiba ya bonge tu.

Kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kukata bonge lote bapa juu ya sehemu iliyooza na kuanza upya bila mzizi hata mmoja. Hiyo ni salama zaidi, lakini huacha bonge fupi ambalo umbo lake halirudi. Ya pili ni kuchimba: kutoa nyama iliyooza tu, kama unavyotoa sehemu mbovu ya muhogo, na kuiacha mizizi mizima. Uozo ulikuwa umepanda sentimita nne upande mmoja. Ikachaguliwa njia ya pili.

Kanuni ya kuchimba ni moja: endelea mpaka nyama yote iwe nyeupe au ya rangi ya maziwa, bila nukta wala mstari wa kahawia. Ile mistari myembamba ni mirija ya mmea, na uozo unasafiri ndani yake mbele ya sehemu laini. Ukiacha nukta moja ya ukubwa wa kichwa cha pini umeacha mbegu. Kila mkato mmoja, futa kisu kwa spiriti, kisha mkato unaofuata.

Hapa ndipo kazi iliharibika. Mikato ya mwisho ilifanywa kwa haraka, kisu hakikufutwa, na siku ya tano, tarehe 8 Aprili, pete ya kahawia ilikuwa imetokea chini ya mmoja wa mizizi miwili mizima. Mzizi huo ukaondolewa pamoja na sentimita mbili za bonge. Gharama ya kutofuta kisu ilikuwa nusu ya mizizi iliyobaki. Ndiyo maana mmea ukishakatwa haufungiwi kabatini ukasahauliwa. Unakaguliwa kila siku kwa wiki ya kwanza, kwa macho na kwa kidole.

Utomvu ulipoacha kutoka, jeraha lilipangushwa kwa kitambaa chenye maji safi, likaachwa likauke juu juu, kisha likapakwa salfa. Mtwara salfa haitafutwi mbali: nyumba yenye mikorosho ina mfuko uliobaki wa kupulizia ubwiriunga. Kazi yake kwenye jeraha ni kukausha na kuzuia ukungu mpya usianze. Haiponyi nyama iliyokwisha kuoza, na kuipaka juu ya nukta ya kahawia ni kuificha tu. Dawa ya unga yenye kopa inafanya kazi hiyohiyo. Mdalasini wa unga pia hutumiwa na wengi, kwa majeraha madogo hauna ubaya.

Mmea ukaning'inizwa kichwa chini barazani, penye kivuli na upepo, mbali na michirizi ya mvua. Maelekezo ya nchi kavu husema siku saba hadi kumi. Aprili yetu ina unyevu mwingi hewani na jeraha lilikuwa pana, kwa hiyo zilihesabiwa siku 18 tangu mkato wa pili. Jeraha lililofunga ni kavu, gumu, lina rangi ya gome, na ukiligonga kwa ukucha linalia. Bonge lilikunjamana kidogo katika siku hizo. Hilo lisikutishe, akiba yake ni ya miezi.

Udongo mpya

Chungu kipya kilikuwa cha kufinyanga, kipenyo sentimita 24, kina 15, matundu matatu ya upana wa kidole. Ukitaka kuongeza tundu kwenye chungu cha kufinyanga, kiloweke usiku kucha, kisha toboa taratibu kutoka ndani kwa msumari bila kugonga kwa nguvu. Vyungu vya saruji navyo vinafaa kama havikupakwa rangi ndani, lakini kikiwa kipya kijazwe maji na kuyabadilisha kila baada ya siku mbili kwa wiki mbili, maana saruji mpya hutoa chokaa na majani hugeuka njano huku mishipa ikibaki kijani.

Mchanganyiko, kwa kopo la lita moja: mchanga wa mtoni makopo matatu, tofali la kuchoma lililopondwa makopo mawili, mkaa uliovunjwa kopo moja, mboji iliyoiva kopo moja. Vipande vya tofali na mkaa visizidi ukubwa wa punje ya kunde au hindi. Vyote vitatu, mchanga, tofali na mkaa, vichekechwe kwenye wavu wa dirisha wa kuzuia mbu: kinachopita kwenye wavu kinatupwa, kinachobaki juu ndicho kinachotumika. Hatua hii inachosha na ndiyo watu huiruka. Vumbi lile dogo likibaki, linajaza matundu yote na baada ya mvua tatu una udongo mzito kama ule wa Januari.

Kwa mtu wa Shangani au wa Mikindani, mchanga wa ufukweni uko hapo nje, bure, na unashawishi. Una matatizo mawili. Chumvi inaweza kuoshwa: loweka, koroga, mwaga, mara tatu au nne kwa maji ya bomba, mpaka maji ya mwisho yasiwe na ladha. Maganda ya konokono wa baharini na vipande vya matumbawe havioshiki. Ni chokaa, nayo huzuia mmea kupata madini ya chuma. Kipimo kiko jikoni: kamulia ndimu kwenye kijiko cha mchanga huo. Ukitoa povu, upeleke kwenye ujenzi wa mabanda ya watoto.

Makumbi ya nazi yaliyochambuliwa yanaweza kuchukua nafasi ya nusu ya mboji, ila yale yaliyolowekwa baharini yaoshwe vilevile. Maganda ya korosho usiyatie kabisa. Mafuta yake ni makali, yanayochoma ngozi ya mbanguaji, na mzizi mchanga hauna glavu.

Jaribio la mwisho kabla ya kupanda: jaza kopo lenye matundu kwa mchanganyiko, mwaga nusu lita ya maji kwa mkupuo. Yasimame juu kwa sekunde chache tu kisha yatoke chini. Chukua gao moja lililolowa ulifumbate; ukifungua kiganja libomoke. Likibaki na alama za vidole, rudi kwenye wavu.

Tarehe 26 Aprili mmea ukapandwa, matundu yakafunikwa kwa vipande vya wavu na si kokoto, bonge likawekwa sentimita mbili tu ndani ya mchanganyiko. Likiwa na mzizi mmoja halikuweza kusimama, na mmea unaotikisika hukata mizizi yake mipya. Likafungwa kwa vipande viwili vya mpira wa ndani wa baiskeli, msalaba, hadi ukingo wa chungu. Chungu kikawekwa juu ya matofali matatu bila sahani, mahali penye jua la asubuhi, nje kabisa ya ukingo wa bati.

Baada ya hapo

Siku saba hakuna tone. Tarehe 3 Mei robo lita ya maji, kuzunguka bonge na si juu yake. Kisha kila baada ya siku nane hadi kumi, kijiti kikitoka kikavu. Mvua za mwisho za Mei zilikutana na mmea nje na hazikufanya lolote.

Machipukizi yalionekana wiki ya pili ya Juni, wiki ya sita tangu maji ya kwanza. Ndipo ukaongezewa jua hatua kwa hatua mpaka saa sita na zaidi kwa siku, na maji yakawa ya kumwaga mpaka yatoke chini, kila baada ya siku tano au sita. Kusi hukausha chungu cha kufinyanga kuliko watu wanavyotarajia, na ukiendelea kunyima maji Julai na Agosti kwa hofu ya kuoza, mmea unaangusha majani na kusimama tu. Shangani kusi pia huleta chembe za chumvi. Majani yalisuuzwa kwa maji safi mara moja kwa wiki, asubuhi.

Mbolea ilianza Julai, baada ya majani kukomaa, si kabla: NPK 17-17-17, kijiko cha chai kwenye lita tano za maji, kila wiki tatu, juu ya udongo ambao tayari una unyevu. Urea haina kazi hapa. Mmea wenye majani mengi na usiochanua mara nyingi umelishwa naitrojeni au umekosa jua, na la pili ndilo la kawaida zaidi kwa mimea ya barazani.

Agosti majani yalipata vinukta vya fedha na utando mwembamba kwa chini. Huo ni utitiri, mgeni wa kiangazi. Uliondolewa kwa kupuliza maji kwa nguvu chini ya majani kila baada ya siku tatu, mara nne. Wengine hukimbilia dawa ya kupulizia mikorosho dhidi ya mbu wa mikorosho, na wiki mbili baadaye utitiri unakuwa mwingi kuliko mwanzo, kwa kuwa dawa nyingi za kundi hilo huua wadudu wanaoula utitiri na kuuacha wenyewe. Salfa ya kuchanganya na maji inaufaa utitiri, ila ipulizwe asubuhi mapema au jioni. Kwenye jua kali inaunguza majani. Wadudu wengine wa kuwatazama ni vidung'ata weupe kwenye makwapa ya majani, wanaofutwa kwa pamba yenye spiriti, na kiwavi mnene wa kijani mwenye madoa mawili ya bluu kama macho nyuma ya kichwa. Huyo anakula tawi zima usiku mmoja. Mwokote kwa mkono, hana madhara kwako.

Matumba ya kwanza yalitokea mwishoni mwa Septemba kwenye matawi mawili, mekundu, tabaka mbili. Mwezi huohuo chipukizi nene lilitoka chini ya kovu la kubebesha, upande wa jeraha. Lilikua haraka kuliko matawi yote na mwenye nyumba alitaka libaki kwa kuwa lilijaza pengo. Liliachwa mpaka Novemba, likatoa ua la rangi ya waridi lenye petali tano, zuri kwa namna yake, na kuanzia hapo matawi ya juu yakaacha kukua. Chipukizi hilo likakatwa usawa wa shina, jeraha likapakwa salfa, siku tano bila maji.

Desemba mvua zilirudi. Chungu kilibaki nje kwenye matofali yake, hakuna aliyekifunika. Kwenye wiki za mvua mfululizo kilikaguliwa kwa kijiti kila siku ya tatu, na mara zote saa 24 baada ya mvua kukatika kijiti kilitoka na unyevu wa juujuu tu kwenye ncha. Kumwagilia kulisimamishwa mpaka Aprili. Chungu cha saruji cha lita 44 bado kiko pembeni ya nguzo, chini ya bati, na sasa kimepandwa magimbi.